Muulize Fundi: Hizi ampi ndogo za hedifoni, zinasaidia ama ni kelele tu?

Maswali ya safari hii karibu yote yamekuja ya hedifoni na hivi viampi vya mfukoni, sijui nani amewasha huu moto huku kwetu, lakini sawa, wufa na spika za baa zitangoja. Naanza na la Kakamega kwa sababu ndo refu na ndo liko na kazi, mengine nitayapitia mbio mbio.

SWALI: Mulembe Fundi. Niko hapa Lurambi, Kakamega, naediti video za harusi na matanga. Nimepata hedifoni za Beyerdynamic DT 770 Pro, zile za omu 250, ni za mtumba lakini bado ziko poa. Shida ni kwa simu, zinatoa sauti chini sana hata nikipandisha mpaka mwisho. Sasa kuna jamaa Kondele, Kisumu, anaunda ampi ndogo kwa mkono, anaziweka kwa kikopo cha sabuni, inatumia betri ya volti 9 na anataka 2,800. Anasema nikiichomeka nitasikia vitu sijawahi sikia kwa ngoma. Iko na swichi ya beisi pia. Ni ukweli ama nataka kupigwa? – *Edita wa Lurambi*

JIBU: Mulembe muno, kijana wangu. Hio ampi si ngeni. Mchoro wake ulitolewa na mtu anaitwa Chu Moy miaka ya mwisho ya 1990, ukaenea dunia nzima kwa sababu vipuri ni vichache, chipu moja, kapasita na rizista kadhaa, betri ya volti 9 na kitufe cha kuzungusha voliumu, na vyote vilikuwa vinaingia kwa kikopo cha bati cha peremende. Mafundi wanaiita CMoy mpaka leo. Kwa hivyo jamaa wa Kondele hajavumbua kitu lakini pia hajaiba kwa mtu, na mimi namheshimu yeyote anaketi kulehemu vitu vidogo hivyo na bei ya vipuri siku hizi.

Hayo maneno ya vitu hujawahi sikia ndo naomba tuyaweke kando. Wimbo ukirekodiwa umerekodiwa, ampi haina cha kuongeza ndani, inasukuma tu. Swali la maana ni kama hedifoni zako zinahitaji kusukumwa, na kwa bahati yako hizo za omu 250 zinahitaji kweli.

Iko hivi. Omu ni kipimo cha vile koili ya hedifoni inakataa umeme kupita. Hedifoni za omu nyingi hazili karenti sana, zinataka volti. Simu za bei ya kawaida kwa tundu la hedifoni hutoa kama nusu volti, zingine zinafika volti moja ukizipandisha mpaka mwisho. Nusu volti kwa omu 250 ni miliwati moja tu. Beyerdynamic wenyewe wanasema DT 770 hio ikipewa miliwati moja inatoa desibeli 96, na ukiona hio namba utasema si ni nyingi, lakini hapo ndo mwisho wa simu, hapo ndo vilele vya ngoma vinagonga dari, wastani wa muziki wenyewe unakaa chini ya hapo kwa desibeli kumi na kitu, na sasa wewe kazi yako ni MC wa harusi amerekodiwa kutoka mita kumi na maiki ya kamera, huyo yuko chini zaidi ya muziki. Ndo unapandisha mpaka mwisho na bado unakunja uso.

Ampi ya betri ya volti 9 inaweza kutoa karibu volti 2 kabla haijaanza kukwaruza. Kutoka nusu volti mpaka mbili ni desibeli 12 za ziada, na masikio yetu huona desibeli 10 kama sauti imekuwa mara mbili. Hio ni kitu ya kushika, si maneno ya muuzaji.

Sasa kuhusu kusikiza. Rafiki yangu anarekebisha redio pale Kibuye na yuko na moja ya mchoro huo huo, pia ameiweka kwa kikopo cha sabuni (nafikiri ni ugonjwa wa Kisumu huu), nikaiazima nikaenda nayo na DT 770 za omu 250 kama zako. Kitu cha kwanza nilifanya ni kulinganisha sauti, na hapa naomba kila mtu asome pole pole kwa sababu ndo mahali watu wanaliwa pesa. Ukimpa mtu vitu viwili na kimoja kiko juu kidogo tu, hata desibeli moja ambayo hawezi kujua ni ya sauti, atakuambia hicho ndo kitamu, kina beisi, kiko wazi, na wauzaji wote wanalijua hili, ndo maana akikuonyesha ampi kwa duka anaichomeka na inalia juu kuliko simu palepale. Nilicheza toni ya hezi 60 kwa simu, multimita, kile kipima umeme, nikaweka kwa AC, nikapima hedifoni zikiwa zimechomekwa, alafu nikashukisha ampi mpaka zote mbili zikasoma volti sawa. Toni iwe ya chini hivyo kwa sababu multimita za bei rahisi zikipewa toni ya juu zinaanza kusoma uongo. Halafu kijana wa hapo dukani akawa anabadilisha plagi nikiwa nimempa mgongo.

Sauti ikiwa sawa sikuweza kuzitenga. Nilicheza benga ya zamani, zile gitaa mbili zinafukuzana na beisi inatembea chini yake, nikacheza kwaya, nikacheza isukuti, na kila nikikisia nakosa na kupata vile mtu anarusha shilingi. Kwa hivyo ukisikiza kwa sauti ya kawaida, chumba kimenyamaza, wimbo umerekodiwa kwa nguvu kama hizi nyimbo mpya, hio 2,800 haikununulii chochote.

Tofauti ilikuja na rekodi ya nyatiti, ya mzee mmoja amerekodiwa nyumbani bila makeke, rekodi iko chini kabisa. Sasa wale hawajui, nyatiti iko na nyuzi nane, lakini mchezaji pia anavaa pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu, inaitwa oduong'o, anagonga nayo ule mti wa chini wa chombo, na mguuni amefunga gara, zile njuga. Kwa simu ikiwa juu kabisa nyuzi zinasikika, sauti ya mzee inasikika, oduong'o iko tu pale nyuma unajua inagonga. Na ampi nikapandisha. Hapo chuma kikaanza kusikika kivyake na mti kivyake, yaani pete inagusa, tii, alafu mti unajibu chini yake, na gara zinachelewa nukta kidogo kwa sababu mguu ndo unashuka baadaye. Nilirudia sehemu hio moja mpaka kijana wa duka akaniuliza kama iko na shida. Simu ilikuwa imeishiwa nguvu kabla ya kufika hapo, ampi ilikuwa bado na nafasi, na hivyo tu ndivyo ilivyo. Kwa video zako za matanga, mahali familia inaongea polepole na maiki iko mbali, hio nafasi utaitumia kila siku.

Swichi ya beisi, sikiza kidogo ukiwa unafurahi nyumbani, kwa benga za zamani zilizotolewa kwa kanda inasaidia kwa sababu nyingi beisi imekonda. Lakini ukiwa unaediti usiiguse. Sauti ya MC inavimba, inakuwa imejaa kifua, wewe unafikiri beisi ni nyingi kwa rekodi unaipunguza, alafu mteja akiicheza kwa televisheni yake mtu anaongea kama yuko kwa simu ya zamani. Hapo harusi imeharibika na hulipwi balansi.

Mabaya yake sasa. La kwanza ni hicho kikopo cha sabuni. Plastiki haizuii kitu. Nilipanda nayo mat ya kwenda Nakuru, simu nimeibandika nyuma ya ampi na raba vile watu wanafanya, na huko juu baada ya Kericho kuna mahali simu ilirudi 2G, ule mtandao wa zamani, nikaanza kusikia dididi-dididi-diiii kwa masikio, na kila mtu amewahi weka simu karibu na redio anaijua hio sauti. Simu ya 2G hairushi mawimbi mfululizo, inarusha kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na chipu ya ampi inavishika hivyo vipande inavigeuza kuwa mngurumo. Kikopo cha bati kilichounganishwa na waya wa graundi kinaipunguza sana, kwa hivyo vile vikopo vya peremende si urembo tu. Mwambie jamaa akuwekee kwa bati, hata kopo kubwa la rangi ya viatu, bora betri ienee. Akikataa, weka simu kwa airplane mode ukisikiza, ama tumia waya mrefu kidogo simu ikae mbali. Na simu ikiwa kwa chaja ya gari usiunganishe na ampi, kelele ya injini inapitia waya inakuja yote kwa sikio, inapanda na kushuka na mguu wa dereva.

La pili, usivae hedifoni kabla ya kuwasha. Hizi ampi zikiwashwa zinapiga tup, na zikizimwa tena tup, na hio tup si ndogo.

La tatu ni kama siku moja utataka kutumia hedifoni zingine. Nilijaribu za omu 32 za kawaida, isukuti ile ngoma kubwa, nikapandisha, na ngoma ikaanza kupasuka pale mkono unapotua. Hedifoni za omu chache zinataka karenti na chipu hizi ndogo hazikuumbwa kusukuma karenti nyingi, volti ziko, nguvu ya kuzibeba hakuna. Watu wanafikiri ampi ikishinda za omu 250 basi za 32 ni rahisi zaidi, kwa CMoy ni kinyume.

Betri, muulize ameweka chipu gani. Kama ni OPA2134, inakunywa miliampia 8 mpaka 10, betri nzuri ya alkaline ya volti 9 iko na kama miliampia-saa 500, kwa hivyo piga hesabu ya masaa hamsini mpaka sitini, punguza kidogo ya taa ya LED. Zile betri za bei ya chini kabisa hazifiki hapo, na zikianza kuisha ampi haizimi, inaanza tu kukwaruza kwa vilele, unaweza kulaumu rekodi yako wiki nzima.

Na kabla ya kutoa pesa, enda na multimita ama umwambie atoe yake, fundi ambaye hana multimita mwachie ampi yake. Washa bila kuchomeka hedifoni, weka DC, pima plagi ya kutokea, kushoto na graundi, kulia na graundi. Milivolti chache ni sawa. Ikipita 50 usiweke hedifoni zako hapo, hio umeme wa moja kwa moja inaenda kupasha koili joto bure. Alafu zungusha voliumu pole pole kutoka chini usikize kama upande mmoja unaanza kabla ya mwingine.

Yakipita hayo yote, nunua, lakini si kwa 2,800. Mwambie 2,000 na kikopo kiwe cha bati. Kama hataki, kuna adapta za USB-C za kampuni kama FiiO na iBasso zenye chipu yake ndani, ziko zinazofika volti 2 hizo hizo bila betri, zinakula tu chaji ya simu, na ni ndogo kama kidole. Bei zake zinapanda kuliko ya jamaa lakini hazipigi dididi kirahisi. Mimi ningekuwa wewe ningechukua hio, lakini mimi pia sina uvumilivu wa kubeba betri za volti 9 kwa mfuko.

SWALI: Fundi hujambo, mimi ni dada wa Lanet Nakuru, naimba kwaya na nachanganya sauti za nyimbo zetu kwa laptop. Nilinunua iafoni za kuziba masikio, zile za waya, na kiampi cha kuchaji. Nikizichomeka kwa kiampi kuna shhhh haiishi hata wimbo ukisimama. Nikichomeka kwa laptop moja kwa moja hakuna. Kiampi kimeharibika? – *Soprano*

JIBU: Sijambo dada. Hakijaharibika, hakikutengenezewa wewe. Iafoni za kuziba masikio nyingi ni nyepesi sana, zinalia juu na nguvu kidogo mno, kwa hivyo hata ile kelele ndogo ya chipu ambayo kwa hedifoni nzito haisikiki, kwako inasikika yote. Tena ampi zingine za mfukoni zinaongeza volti mara kumi au zaidi, hio ni desibeli 20 na kitu, na wewe ulikuwa huhitaji hata mara mbili.

Fanya hivi ujue inatoka wapi. Shukisha voliumu ya ampi mpaka chini kabisa. Kama shhh inabaki vile vile, ni ya ampi yenyewe. Kama inapungua na kupanda na kitufe, inatoka kwa laptop inapitia tu. Ikiwa ni ya ampi, angalia kando kama iko na swichi imeandikwa gain, irudishe kwa L ama Low. Hio swichi ndo kitu cha kwanza mtu anafaa kuangalia na ndo watu hawaigusi, wanaiacha juu kwa sababu inalia zaidi.

Kuna lingine labda hujaligundua. Ukiwa na iafoni nyepesi unatumia voliumu ya ampi pale chini kabisa, robo ya kwanza, na vitufe vya bei rahisi hapo chini havilingani kushoto na kulia. Sasa wewe unachanganya kwaya, unasikia alto wako kushoto wako juu kuliko tenor kulia, unaanza kuwasogeza, na kumbe ni kitufe. Kanisani kwa spika wanakuja kukuuliza mbona alto hawasikiki. Kwa kazi ya kuchanganya chomeka kwa laptop moja kwa moja kwa sababu umesema haina kelele, na kiampi uza ama mpe mtu mwenye hedifoni kubwa. Kule Lurambi kuna kijana anatafuta.

SWALI: Fundi niaje, niko Maseno chuo, simu yangu mpya haina tundu la iafoni. Kuna adapta za 150 kwa wachuuzi na kuna zingine za bei. Rafiki yangu anasema ya Apple ni nzuri lakini kwa Android inatoa sauti chini. Sijui nichukue gani, na kuna ile ilifanya kwa simu ya rumeti lakini kwa yangu ikakataa kabisa. – *Komredi*

JIBU: Poa sana komredi. Adapta ziko aina mbili na kwa macho zinafanana. Moja ni waya tu, inategemea simu yenyewe itoe sauti kupitia tundu la chaji, na simu chache ndo zinafanya hivyo, ndo sababu kwa rumeti ililia na kwako ikanyamaza. Ya pili iko na chipu ndogo ndani ya kutengeneza sauti yenyewe, hio inafanya karibu kwa kila simu ya USB-C. Za 150 nyingi ni waya tu. Usiulize mchuuzi kama iko na chipu kwa sababu atasema iko, chomeka kwa simu yako pale pale na iafoni zako ucheze wimbo.

Ya Apple, wanaiuza dola 9 kule Marekani, iko na chipu na kwa pesa hio ni safi sana, inafika karibu volti moja. Lakini rafiki yako hajakudanganya, kwa simu nyingi za Android inaanza ikiwa imeshukishwa ndani yake na kitufe cha simu hakifiki huko, kwa hivyo unasikia chini. Programu kama USB Audio Player Pro inaongea nayo moja kwa moja na kuipandisha, ni ya kulipia ingawa, na inasaidia tu nyimbo unacheza ndani ya hio programu, YouTube inabaki chini. Jua pia iliyotengenezewa soko la Ulaya inatoa kama nusu ya ile ya Marekani, na huku kwetu zinakuja zote. Kwa iafoni za kawaida za mwanafunzi yoyote yenye chipu inatosha, pesa zingine kula.

SWALI: Omera, mimi ni DJ wa hapa Ugunja. Nyimbo zangu nyingi nimetoa kwa video za WhatsApp na za kushusha YouTube. Nikipata ampi ya hedifoni ya kusikilizia kabla sijacheza, zitakuwa safi? – *DJ*

JIBU: Hapana, omera. Utasikia uchafu vizuri zaidi. Video ya WhatsApp inabanwa ikitumwa, mwingine akiihifadhi na kuipandisha upya inaweza kubanwa tena, na yule wa kwanza kuituma naye ameitoa kwa simu ya mtu ilikuwa inarekodi spika ya baa. Hakuna ampi ya kuokoa hio. YouTube si mbaya vile watu wanasema, lakini ukishusha na hizo tovuti za kugeuza kuwa MP3 wimbo unabanwa mara ya pili, na utaisikia kwa upatu na kwa makofi, zinakuwa na kimajimaji fulani. Benga za kanda zina shhh yake ya kanda, hio uiheshimu. Tafuta nyimbo kwa wenye nazo, nunua, umtumie mwenzako kama document si kama video, ampi tuzungumze baadaye. Na kwa kusikilizia katikati ya matanga unahitaji hedifoni zinazofunika sikio zima kuliko unavyohitaji ampi.

SWALI: Mimi ni mama hapa Chwele. Kijana wangu amenunua hicho kimashine cha kuongeza sauti ya iafoni, anashinda nacho kwa masikio mpaka usiku, nikimwita haniskii. Je haitamharibu? – *Mama Ken*

JIBU: Mama, uko sawa kuuliza. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiza desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3 masaa yanakatwa nusu, kwa hivyo 83 ni masaa 20, 86 ni masaa 10, na akifika 92, ambayo kwa hizo ampi ni rahisi sana kufika, amebaki na masaa mawili na nusu kwa wiki nzima. Si kwa siku, kwa wiki. Hicho kimashine chenyewe hakina sumu, shida ni kwamba simu ilikuwa na mwisho na sasa ameuondoa.

Muulize kama akitoa iafoni usiku anasikia filimbi, ngiiii, ama masikio yamekuwa kama yameziba. Akisema ndio, apumzike siku kadhaa kabisa, na isipoisha mpeleke akapimwe masikio, msingoje. Kama anazitumia sana kwa mat ama kando ya posho mill, mwambie atafute zile zinaziba vizuri, kelele ya nje ikipungua hatapandisha sana. Na kuhusu kutokusikia ukimwita, mama, hilo jaribu kwanza kumwita kwa chakula.

SWALI: Fundi niko Ahero, boda. Hedifoni zangu ni za Bluetooth, sauti naona kidogo. Nimeweka 3,000 ya ampi, ninunue gani? – *Rider*

JIBU: Usinunue. Hedifoni za Bluetooth ampi iko ndani yake tayari, na ukisikiza kwa Bluetooth ampi ya nje haina mahali pa kuingilia. Angalia kama simu imeweka kikomo cha sauti kwa setingi, ama kama voliumu ya hedifoni yenyewe iko chini wakati ya simu iko juu, kwa nyingi hizo ni vitu viwili tofauti. Safisha pia zile nyavu za mdomo wa hedifoni na mswaki mkavu, vumbi ya barabara ya Ahero inaziba upande mmoja unafikiri imekufa. Na ukiwa na abiria toa zote mbili kwa masikio, honi ya trela haiji kwa Bluetooth. Hio 3,000 weka kwa helmeti ya abiria.